Laki tatu juu, laki tatu chini: mhasibu wa Tabata ahamie wapi?

Swali

"Shikamoo CPA. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nina shahada ya uhasibu, na huu ni mwaka wa tano niko kwenye kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi Barabara ya Pugu. Idara nzima ya fedha ni mimi peke yangu. Mshahara wa msingi ni 1,500,000, hakuna posho, na Bodi ya Mikopo nimebakiza kama milioni nne. Kwenye mitihani ya CPA, ile ya cheti cha juu cha uhasibu, nimebakiza masomo mawili ya hatua ya mwisho, kodi na taarifa za fedha. Kodi nimeshaifanya mara mbili. Mwisho wa mwezi natoka ofisini saa nne usiku, Jumamosi zote nipo, ovataimu sijawahi kuiona. Siku hizi bosi ameanza kuniletea risiti za manunuzi ambazo sijui zimetoka wapi, niziingize kwenye ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Nimepata ofa mbili. Moja ni ya mfanyabiashara wa Kariakoo: Meneja wa Fedha, 1,800,000, mkataba wa mwaka mmoja, chini yangu makarani wawili na keshia. Nyingine ni kampuni ndogo ya ukaguzi Upanga, 1,200,000. Naishi Tabata na mama ananitegemea. Rafiki zangu wote wanasema fuata hela. Wewe unasemaje? Hiyo CPA inalipa kweli au ni jina tu? Na nimwambie bosi kuhusu hizi ofa ili aniongeze?"

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Umenipa tarakimu zote isipokuwa moja, ile inayoingia mkononi, na bila hiyo mimi na rafiki zako tunabishana gizani. Wahasibu ndivyo tulivyo. Hesabu za watu tunazifunga hadi usiku wa manane, slipu zetu wenyewe tunazisoma juu juu.

Chukua kikokotoo. Kwenye 1,500,000, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 150,000. Inabaki 1,350,000 ya kukatwa kodi. Kwa jedwali la PAYE (kodi ya mshahara) la Tanzania Bara, aliyevuka milioni moja anakatwa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kilichozidi hapo, kwa hiyo wewe unakatwa 233,000. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 225,000. Unachokwenda nacho nyumbani ni 892,000.

Sasa nenda Kariakoo. Kwenye 1,800,000, NSSF ni 180,000, PAYE 314,000, mkopo 270,000. Mkononi 1,036,000. Rudi Upanga. Kwenye 1,200,000, NSSF ni 120,000, PAYE 152,000, mkopo 180,000. Mkononi 748,000.

Laki tatu ya kupanda ni 144,000 mkononi, na laki tatu ya kushuka nayo ni 144,000. Kwa mtu wa kiwango chako mwenye deni la chuo, kila shilingi 1,000 inayoongezwa kwenye mshahara inafika nyumbani 480. Najua utaniambia NSSF ni akiba yako, tena mwajiri anaongeza asilimia 10 yake, na makato ya mkopo yanapunguza deni. Kweli kabisa. Ila kodi ya nyumba Tabata hailipwi kwa akiba ya uzeeni, kwa hiyo kwa uamuzi wa mwaka huu tutazame kilicho mkononi.

Kuna tarakimu nyingine ambayo rafiki zako hawaioni kabisa. Deni la milioni nne kwa makato ya 225,000 kwa mwezi linaisha ndani ya miezi 18, na tangu ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilipofutwa mwaka 2021, deni halinenepi likikusubiri. Siku likiisha, mshahara huu huu wa 1,500,000 utakupa 1,117,000 mkononi, kuliko ofa ya Kariakoo ya leo, na hujamwomba mtu yeyote nyongeza. Ila omba Bodi ya Mikopo taarifa rasmi ya deni. "Kama milioni nne" mhasibu haandiki.

Basi hela imepungua ukubwa. Tofauti kati ya ofa ya juu kabisa na ya chini kabisa ni 288,000 kwa mwezi. Kwa mtu mwenye mama wa kumtunza ni hela nyingi, sitaki kuidharau. Lakini si ile laki sita mnayoijadili na rafiki zako.

Mimi sina ugomvi na Kariakoo. Mhasibu anayetaka kujua forodha, bandari, mzigo wa Guangzhou na fedha taslimu inayozunguka mara tatu kabla ya adhuhuri, hapati shule nzuri kuliko ile. Waliokuwa mtaani pale Juni 2024, wafanyabiashara walipofunga maduka kwa mvutano na TRA, mamlaka ya mapato, walijifunza kodi kwa namna ambayo darasa haliwezi kufundisha. Kinachonitia shaka kwenye ofa yako ni cheo na mkataba.

Cheo kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na ovataimu isiyozidi saa 50 katika kila wiki nne, inayolipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Lakini sheria hiyohiyo inamtoa nje ya kanuni za saa yule anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Makarani wawili, keshia, na wewe unaripoti kwa mwenye mali: ndiyo wewe. Ukisaini hiyo barua, ovataimu unaiaga kisheria, na Kariakoo msimu wa sikukuu hamtoki saa kumi na moja. Waajiri wengi wa mjini wanalijua hili vizuri. Kadi ya biashara inayosomeka "Meneja" ni rahisi kuchapisha kuliko kulipa saa za ziada.

Halafu mkataba wa mwaka mmoja. Sheria inaruhusu wataalamu na kada ya uongozi kuajiriwa kwa muda maalumu, na mhasibu ni mtaalamu, kwa hiyo hakuna kosa lolote hapo. Ila tazama ulinzi wako. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mtu ambaye hajatimiza miezi sita kazini. Kwa mkataba wa miezi 12, nusu ya kwanza uko wazi, na nusu ya pili unahesabu siku. Mkataba ukifika mwisho unakufa wenyewe, labda uwe na ushahidi kwamba walikupa matarajio ya msingi ya kuongezewa. Na kwa kuwa wewe ni mwanamke wa miaka 29 niseme na hili: siku 84 za likizo ya uzazi ni haki yako popote utakapokuwa, lakini mkataba mfupi ukiisha ukiwa nyumbani na mtoto, hakuna anayelazimika kukwambia kwa nini haukuongezwa.

Jambo la tatu halimo kwenye mkataba. Pale utakuwa mhasibu mkubwa kuliko wote ndani ya nyumba, na CPA haijaisha. Ukikosea namna ya kuuandika mzigo ulioko baharini au ukiandika mkopo wa mwenye mali kama mauzo, nani atakusahihisha? Mkaguzi atakuja mara moja kwa mwaka, tena kwa haraka. Tayari miaka mitano umekaa peke yako. Ndiyo maana kodi imekushinda mara mbili, si kwa sababu huna kichwa. Unaijua kodi ya kampuni moja.

Kama bado moyo uko kule, kabla ya kusaini waulize aliyekuwa meneja wa fedha aliondoka kwa nini na yuko wapi. Omba kuona hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita na hati ya uthibitisho wa ulipaji kodi. Muulize karani mmoja pembeni afungue taarifa yake ya NSSF, mwone kama michango inaingia. Anayemwajiri mhasibu halafu anakasirika akiulizwa hesabu, ameshakujibu. Na wakitaka uwe mtia saini wa benki, weka kwa maandishi kiwango chako na nani anasaini pamoja nawe.

Turudi ulipo sasa. Huko huna mtu chini yako, kwa hiyo kanuni za saa zinakuhusu, na unadai. Hesabu yake ni hivi: mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 mara saa zako za kawaida kwa wiki. Kwa saa 45, saa yako moja ni kama 7,693, na ya ovataimu ni kama 11,539. Ukifanya saa 20 za ziada kwa mwezi, na kwa ulivyoeleza nadhani zinazidi, ni karibu 231,000 kabla ya makato. Linganisha na ile laki tatu ya Kariakoo. Kazini kwako hapohapo kuna laki mbili na zaidi zinazomwagika kila mwezi.

Je, uende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi? Haki unayo, na migogoro isiyo ya kuachishwa kazi inapelekwa ndani ya siku 60, ile ya kuachishwa ndani ya siku 30. Lakini ushauri wangu kwa sasa ni kutumia deni hilo kununua muda. Anza leo kuandika saa zako kwenye daftari: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, ulichofanya. Tuma barua pepe ya mwisho wa siku ukimjulisha bosi kazi iliyokamilika, saa ya barua itabaki yenyewe. Baada ya miezi miwili mweke mezani na umwambie: mimi sikudai fedha, nataka Jumamosi zangu hadi mtihani wa Novemba na wiki tatu za likizo kabla yake. Likizo ya mwaka ni siku 28 za mfululizo na ni yako, hakupi zawadi. Ukiona anasita, mkumbushe jambo ambalo kila mkaguzi analijua: mhasibu asiyekwenda likizo ni kiashiria cha hatari, kwa sababu wizi wa ofisini mara nyingine hugundulika mwizi akiwa likizo na mwingine ameshika vitabu vyake. Kampuni yenye mhasibu mmoja inahitaji wiki hizo tatu kuliko wewe.

Yote hayo yanasimama kama jambo moja limekaa sawa, nalo ni zile risiti.

Umeliandika katikati ya mengine, kana kwamba ni usumbufu kama ule wa Jumamosi. Hapana. Risiti ya manunuzi ambayo mzigo wake haukuingia ghalani ni risiti hewa, na kuiingiza kwenye ritani ili kupunguza VAT ni kudanganya kodi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 haimgusi mwenye kampuni peke yake. Anayesaidia kosa la kodi naye ni mkosaji. Upande wa taaluma, maadili yetu yanamkataza mhasibu kuhusishwa na taarifa anayojua ni ya uongo. "Nilielekezwa" ni maelezo ambayo hayajawahi kumsaidia mhasibu mbele ya kamati ya nidhamu.

Kwa hiyo kuanzia mwezi huu, kabla ya tarehe 20 ritani haijaenda, fanya hivi. Kila risiti ya EFD, ile mashine ya risiti ya TRA, ina namba ya uhakiki. Ihakiki kwenye mfumo wa TRA, uone kama ipo, kama jina na TIN ya kampuni yenu vimo, na kama kiasi kinafanana. Kisha itafutie hati ya kupokea mzigo, oda, na malipo yaliyopita benki au kwenye simu. Isiyo na mwenzake, iweke pembeni, na mwandikie bosi barua pepe fupi ya heshima: "Risiti hizi sijapata hati za kupokea mzigo wala malipo yake, naomba nipatiwe ili niziingize; zisipopatikana zitabaki nje ya ritani ya mwezi huu." Usimtuhumu, usitaje wizi. Umeomba vielelezo tu, na kuomba vielelezo ndiyo kazi uliyoajiriwa.

Kitatokea kimoja kati ya viwili. Wamiliki wengi wakiona jambo limewekwa kwenye maandishi hurudi nyuma, maana na wao wanaogopa ukaguzi wa TRA, na mara nyingi aliyewaletea mpango ni dalali wa risiti aliyewaahidi asilimia. Wengine watakuita wakufokee. Akikulazimisha, au akianza kuzituma ritani mwenyewe kwa jina lako, basi kila nilichosema kuhusu kusubiri hadi Novemba kifute. Ondoka mapema, hata kwa mshahara mdogo, na ondoka na nakala za barua pepe zako hizo. Vitabu na nyaraka za kampuni waachie wenyewe.

Sasa Upanga, ambako naona unakudharau kwa sababu ya 1,200,000.

Taaluma yetu ina mlango mmoja ambao ukiupita ujanani ni rahisi, ukiuacha unakuwa mzito: ukaguzi. Anayetaka siku moja kusaini ripoti ya ukaguzi kwa jina lake, au kufungua kampuni yake ya ukaguzi na kodi, lazima awe na uzoefu wa ukaguzi chini ya aliyesajiliwa kufanya kazi hiyo. Ukiwa na miaka 29 kampuni ya ukaguzi itakuchukua kama msaidizi mwenye uzoefu. Ukiwa na 36, umezoea cheo cha meneja na mshahara wa meneja, hutakubali kushuka, na wao hawatajua wakuweke wapi.

Hata kama hutaki kamwe kuwa mkaguzi, ndani ya miaka mitatu utaona hesabu za shule, hospitali, kiwanda, chama cha ushirika, kampuni ya usafirishaji. Utaona kodi ya zuio ikikosewa kwa namna kumi. Somo la kodi linalokusumbua litakuwa kazi ya kila siku. Na msimu hauishi. Kampuni nyingi zinazofunga mwaka Desemba zinatakiwa kupeleka ritani zilizothibitishwa na mkaguzi kufikia Juni 30, kwa hiyo Januari hadi Juni hakuna usingizi. Halafu taasisi za serikali zinafunga mwaka Juni 30, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huzipa kampuni binafsi baadhi ya mashirika ya umma wayakague kwa niaba yake, kazi inayoendelea hadi ripoti inapokabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi. Ukisafiri Mbeya au Mwanza unapata posho ya safari, na wasaidizi wengi wa ukaguzi hujazia mshahara hapo.

Sitakuficha ubaya wake. Kazi ni nyingi, kampuni ndogo nyingine hulipa mshahara kwa kuchelewa mteja akichelewa kulipa, na kuna mabosi wa ukaguzi wanaoamini usingizi ni uvivu. Kwa hiyo nao waulize. Je, mbia anayesaini amesajiliwa kama mkaguzi wa umma? Nani atapitia kazi zako? Wana wateja wa aina gani, au ni maduka ishirini ya kutengenezewa hesabu mwezi Juni? Wiki za mtihani wanazitoa kwa maandishi? Ile 1,200,000 yote ni ya msingi au kuna posho ndani? Ikiwa sehemu ni posho, makato ya mkopo yatapungua, lakini ovataimu na kiinua mgongo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi, kwa hiyo usishangilie haraka. Kampuni kubwa nne, PwC, Deloitte, KPMG na EY, zote zina ofisi hapa Dar, na usione haya kuomba huko pia. Ila kwa mtu mwenye uzoefu wa miaka mitano, kampuni ndogo yenye mbia mkali na mkweli mara nyingi hufundisha upesi zaidi, kwa sababu faili zima unalishika wewe, si kipande cha mali za kudumu peke yake.

Kuhusu CPA kulipa au kutolipa. Cheti chenyewe hakina mshahara. Kilicho nacho ni kufungua maombi ambayo bila hicho hayasomwi. Fungua tangazo lolote la mhasibu mkuu, mkaguzi wa ndani wa benki au mkuu wa fedha, utakutana na CPA(T) kwenye mistari ya kwanza. Na kuna kosa la kawaida hapa: kufaulu mitihani na kuwa mhasibu aliyesajiliwa ni mambo mawili. NBAA, bodi yetu iliyoundwa kwa Sheria Na. 33 ya mwaka 1972, inakusajili kwa daraja la CPA ukishafaulu na ukishaonyesha miaka mitatu ya uzoefu inaoukubali. Miaka yako mitano ya kuwa peke yako utaieleza vipi, na nani atathibitisha? Nenda ofisi ya Bodi, Mhasibu House, Mtaa wa Bibi Titi, uulize sasa hivi, usingoje matokeo. Na kama hata daraja la mhasibu mhitimu hujajiandikisha, fanya hivyo safari hiyohiyo, maana sheria inataka anayefanya kazi ya uhasibu awe kwenye rejista.

Kuhusu somo la kodi, mara ya tatu usirudi kwenye madarasa ya jioni ya kukariri majibu yaliyopita. Pata Sheria ya Kodi ya Mapato na Sheria ya Fedha ya mwaka, soma vifungu vyenyewe, na fanya maswali ukiwa umevifungua. Watu wanaofeli kodi mara nyingi wanajua viwango, hawajui kifungu kinaanzia wapi na kuishia wapi.

Hukuuliza, lakini najua rafiki zako watakutajia njia nyingine tatu. Serikalini, kupitia Ajira Portal, ngazi zinajulikana kuanzia Mhasibu Daraja la II, mchango wako PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, ni asilimia 5 na mwajiri 15, usalama upo. Kituo unaweza kupangiwa Katavi, na mama yuko Tabata. Miradi ya wafadhili inalipa vizuri, lakini waulize wahasibu wa miradi ya afya walioamka Januari 2025 na kukuta Marekani imesimamisha misaada ya nje. Walikuwa hodari, na kazi iliisha kwa tangazo. Ughaibuni na jirani: bodi za wahasibu za Afrika Mashariki zilitia saini mwaka 2011 makubaliano ya kutambuana, kwa hiyo CPA ya hapa ina maana Nairobi, Kampala na Kigali, ingawa kibali cha kazi ni habari nyingine. Ukitaka mbali zaidi, ACCA, cheti cha uhasibu cha Uingereza chenye mitihani 13, hutoa misamaha kwa wenye CPA. Hayo yote yanaanza na masomo mawili uliyobakiza.

Basi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Mtihani wa Mei umepita, unaofuata ni Novemba. Kariakoo ningewashukuru kwa heshima na kuacha mlango wazi, mji huu ni mdogo kwa wahasibu. Upanga ningewaambia nawataka, naanza katikati ya Desemba, nikiwa nimemaliza mtihani na wao wakiwa bado hawajaingia kwenye moto wa Januari. Wakitaka uanze Agosti, waambie wakupe wiki tatu za Oktoba kwa maandishi, na hapo nenda. Waombe pia 1,300,000. Kwenye hiyo mkononi unapata 796,000, na pengo kutoka ulipo sasa linakuwa 96,000. Miezi iliyobaki weka pembeni akiba ya kuziba pengo hilo kwa mwaka mzima, ni 1,152,000, na mwambie mama mapema. Michango ya harusi mwaka huu utoe nusu, watanuna kidogo.

Kuhusu kumwambia bosi: usimwambie. Mwajiri anayekuletea risiti hewa akikuongeza laki mbili, ujue anachokinunua ni kimya chako, na baada ya hapo kila risiti itakuja na ukumbusho wa nyongeza hiyo. Ukifika wakati, mpe notisi ya maandishi ya siku 28, mkabidhi kwa orodha: salio la kila akaunti ya benki lililosuluhishwa, wadaiwa, wadai, ritani zilizopelekwa, funguo na nywila, naye asaini kupokea. Dai mshahara wa siku zako za likizo zilizobaki na cheti cha utumishi, vyote ni haki kisheria. Barua hiyo usiipeleke hadi mkataba wa Upanga uwe umesainiwa na pande zote mbili na nakala yake iko nyumbani, si kwenye kompyuta ya ofisi.